Ukiwasha AC Gari Linalia na Safari ni Keshokutwa: Ni Gesi, Beringi au Mkanda?

Msimu wa safari ukikaribia, iwe Idi, Krismasi au shule zinapofungwa, swali moja huzunguka gereji zote za Ngamiani, hapa Tanga mjini: "Fundi, nikiwasha AC gari linalia, nini hiki?" Kabla boneti haijafunguliwa majibu yameshatolewa. Kijana wa bodaboda aliyeegesha pembeni anasema gesi imepungua. Shemeji aliye Dar anasema kwa simu kwamba kompresa imekufa, nunua nyingine. Jirani anayejua kila kitu anasema zima AC, fungua vioo, nenda zako.

Kila mmoja wao anaweza kuwa amepatia, lakini hakuna aliyeuliza kelele ni ya namna gani na inasikika lini. Kwangu mimi ushauri wa jirani ndio wa kutia wasiwasi zaidi, japo ndio unaopendwa kuliko yote kwa kuwa hauna gharama. Watu wengi wanaichukulia AC kama anasa: ikiharibika utatoka jasho, basi. Kwa magari mengi tunayoendesha siku hizi, kompresa yenye hitilafu inaweza kukulaza njiani hata kama AC hujaigusa tangu ulipotoka nyumbani. Ili tuelewe kwa nini, tuanzie mwanzo.

Kompresa inafanya kazi gani

AC haitengenezi baridi, inahamisha joto. Inalichota ndani ya gari na kwenda kulimwaga nje. Kinachobeba joto hilo ni gesi maalumu. Kwenye magari mengi ya barabara zetu ni R-134a, na matoleo mapya zaidi yanatumia R-1234yf. Kompresa ni pampu ya kuisukuma gesi hiyo. Inaipokea ikiwa na presha ndogo, inaibana mpaka inakuwa ya moto, kisha inaipeleka kwenye kondensa, ile inayofanana na rejeta nyembamba na iliyokaa mbele kabisa ya gari. Hapo inapoa na kugeuka kimiminika. Kimiminika hicho kinapenya kwenye tundu dogo la valvu, presha inashuka ghafla, nacho kinachemka na kuwa gesi tena ndani ya evaporeta iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Kuchemka kunahitaji joto, na joto hilo linatolewa kwenye hewa unayopuliziwa usoni. Kisha gesi inarudi kwa kompresa, mzunguko unaanza upya.

Kwa hewa ya Tanga kazi hiyo ni nzito zaidi. Hewa ya pwani imejaa unyevu, na AC inalazimika kuugeuza unyevu huo kuwa maji ndipo ikupe hewa baridi iliyo kavu. Maji yanayodondoka chini ya gari ukiwa umeegesha Raskazone na AC inafanya kazi ni hayo hayo, wala si gesi inayovuja. Yakidondoka kwa wingi, furahi.

Kompresa inapata wapi nguvu? Kwenye injini, kwa kupitia mkanda. Tanga ni mji wa baiskeli, basi tutumie baiskeli. Zile za zamani zina dinamo ya taa iliyofungwa kando ya gurudumu. Mchana unaitenga, gurudumu linazunguka bila kuigusa. Usiku unailaza juu ya tairi, inaanza kuzunguka, taa inawaka na miguu inausikia uzito. Kwenye gari, anayeilaza dinamo ni klachi ya kompresa. Mbele ya kompresa kuna puli, kigurudumu kinachovutwa na mkanda. Puli hiyo imekaa juu ya beringi, ile pete ya gololi inayoiwezesha kuzunguka kwa ulaini, na inazunguka muda wote injini inapofanya kazi, AC iwe imewashwa au imezimwa. Ukibonyeza kitufe, umeme unaingia kwenye koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, koili inakuwa sumaku, inaivuta sahani ya chuma iliyo mbele ya puli. Unasikia "tak!" Sasa pampu ya ndani nayo inazunguka. Ukizima, sahani inaachia, puli inabaki inazunguka peke yake.

Kwa hiyo ndani ya kitu hiki kimoja tunachokiita kompresa kuna watu watatu wanaoweza kulia: beringi ya puli, klachi, na pampu yenyewe. Fundi anayesema "kompresa mbovu" bila kukuambia ni nani kati ya hao bado hajakuambia kitu. Na tofauti ni kubwa mfukoni. Beringi ni kipande kidogo kinachonunuliwa peke yake na mara nyingi hubadilishwa bila kufungua mfumo wa gesi. Klachi nayo hubadilishwa peke yake. Pampu ikifa, hapo ndipo kompresa nzima inapozungumzwa, na mambo mengine juu yake.

Kuna magari ambayo hayana klachi. Matoleo mengi ya karibuni yana kompresa ambayo pampu yake inazunguka muda wote, na kompyuta ndiyo inayoamua isukume gesi nyingi au kidogo. Hiyo ni dinamo iliyolazwa juu ya tairi moja kwa moja. Ukibonyeza kitufe huisikii "tak", na kuzima AC hakuipumzishi pampu. Na yapo magari ya mseto, ya mafuta na betri, ambayo kompresa yake haina mkanda kabisa, inaendeshwa kwa umeme wa volti zaidi ya 200 kupitia nyaya za rangi ya chungwa. Hizo nyaya usiziguse, na usimruhusu fundi wa kubahatisha azikaribie. Hata oili yake ni tofauti. Ikitiliwa ile ya kawaida, kinga ya umeme ndani ya kompresa inaharibika.

Mkanda mmoja, mizigo mingi

Hapa ndipo ushauri wa jirani unapoangukia pua. Magari ya zamani mengi yana mikanda miwili au mitatu, na wa AC una njia yake. Kompresa ikiganda, mkanda wake unakatika, unaendelea na safari ukitoka jasho. Sasa tazama gari la Toyota lenye injini iitwayo 1NZ, kama IST, Vitz za 1500 na Probox zilizojaa hapa mjini. Mkanda ni mmoja. Unaivuta alteneta inayochaji betri, unaivuta pampu ya maji inayoipoza injini, na unaivuta puli ya AC. Beringi ya puli hiyo ikijam, mkanda unasuguana na puli iliyosimama, unaungua, unakatika. Kuanzia sekunde hiyo betri haichajiwi na maji hayazunguki. Ukiwa Hedaru, katikati ya njia ya Moshi, saa nane mchana na familia ndani, injini itachemka kabla hujapata kivuli cha kuegesha.

Na beringi, kumbuka, inazunguka hata AC ikiwa imezimwa. Kuzima AC kunaipunguzia pampu kazi lakini beringi hakuigusi.

Kipimo cha kwanza ni kitufe chenyewe

Niliwahi kukaa kwenye gereji moja ya Ngamiani nikisubiri gari langu, akaingia mama mmoja wa makamo na Probox. Alikuwa anakwenda Moshi kwenye harusi.

"Fundi, nimeambiwa ni gesi. Nijazie niondoke."

"Shikamoo mama. Gesi hailii hivi. Zima AC kwanza tusikie."

Akazima. Mlio ukabaki pale pale, mkavu, wa kukwaruza, kama ulivyokuwa. Fundi akamwomba akanyage mafuta kidogo, mlio ukapanda pamoja na injini. Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye mwili wa alteneta, mpini akauweka sikioni. Akahamia kwenye pampu ya maji. Akahamia kwenye kompresa, mahali palipo karibu na puli lakini pasipozunguka. Hapo akakunja uso. Akazima injini, akaulegeza mkanda na kuutoa, akaishika puli ya kompresa kwa vidole viwili na kuizungusha taratibu. Hata mimi niliyekuwa hatua mbili nyuma niliisikia inavyokwaruza, mchanga mtupu. Akaitikisa kushoto na kulia, ikacheza. Kisha akaizungusha ile sahani ya mbele inayoshikana na pampu: ikaenda kwa uzito kidogo, laini, bila kukwama. "Mama, kompresa yako nzima. Beringi ndiyo imekwisha." Gesi haikuguswa siku hiyo.

Mpangilio huo wa fundi unaweza kuufuata mwenyewe, angalau nusu yake ya kwanza, na hauhitaji spana. Washa injini asubuhi ikiwa imepoa, AC ikiwa imezimwa, sikiliza. Kama kelele ipo tayari, mtuhumiwa ni kitu kinachozunguka muda wote: beringi ya puli ya kompresa, alteneta, pampu ya maji, au tenshena, ile puli inayoukaza mkanda. Kama kimya, washa AC. Kelele ikianza pamoja na "tak" na kuisha unapozima, tafuta kwenye klachi, kwenye pampu ya kompresa, au kwenye mkanda unaoshindwa kubeba mzigo ulioongezeka. Kama gari lako halina klachi, jibu hili haliwi safi hivyo, na bisibisi ya fundi ndiyo itakayoamua.

Ukiinama juu ya injini inayofanya kazi, vua mtandio, funga kanga vizuri, na kama umetoka msikitini na kanzu, mikono yake ikunje mpaka juu ya kiwiko. Feni ya rejeta iliyo mbele inaweza kujiwasha yenyewe bila kukutaarifu.

Wanaosingiziwa na wanaosingizia

Kelele nyingi zinazoletwa gereji kwa jina la kompresa si zake. Ya kwanza ni hiyo feni ya mbele. Kwenye magari mengi ukiwasha AC feni inawaka nayo ili kuipoza kondensa, na mvumo wake ni wa kawaida kabisa. Kama inagonga plastiki iliyoizunguka au beringi yake imechoka, itapiga kelele kila unapowasha AC, na mtu asiyetazama ataapa ni kompresa. Tazama tu: feni ikisimama na kelele ikasimama, umeshapata jibu.

Ya pili iko ndani. Kipulizia cha nyuma ya dashibodi hupenda kuokota majani na mabaki ya panya. Kipimo chake ni rahisi: zima kitufe cha AC lakini acha upepo unavuma, kisha panda namba moja, mbili, tatu. Kelele ikipanda pamoja na upepo, boneti haihusiki. Fungua droo ya dashibodi, kwenye magari mengi ya Kijapani filta ya hewa iko nyuma yake, na mara nyingi utakachokikuta humo kitakushangaza.

Ya tatu ndiyo inayowagharimu watu zaidi. Kompresa ikishika, injini inabeba mzigo wa ghafla na inatetemeka kidogo. Kama ile mipira inayobeba injini imechoka au imepasuka, mtetemo huo unaingia kwenye bodi ya gari na unausikia kama ngurumo nzito chini ya miguu. Gari likianza kutembea inapotea. Nimesikia watu wamebadilisha kompresa mbili kwa ugonjwa wa mpira mmoja.

Sasa zile za kompresa na jirani zake. Mlio mkali wa "kwiiii" unaotokea sekunde chache baada ya kuwasha AC ni mkanda unaoteleza. Ama umelegea, ama umekauka na kung'aa, ama umelowa oili, ama tenshena imechoka. Fundi anaweza kuunyunyizia maji kidogo upande wa ndani wenye mistari: mlio ukinyamaza kwa muda halafu ukarudi, puli huenda hazikai kwenye mstari mmoja, ukizidi, mkanda hauna mkazo wa kutosha. Lakini asiishie kwenye kuukaza. Mkanda huteleza pia pale kitu unachokivuta kinapokataa kuzunguka, na kitu hicho kinaweza kuwa pampu ya AC inayoelekea kuganda. Lazima aizungushe kwa mkono.

"Tak, tak, tak" ya haraka, klachi inashika na kuachia kila sekunde chache, kwa kawaida ni gesi pungufu: presha inashuka, swichi ya usalama inakata umeme, presha inapanda, inarudisha. Hapo bodaboda amepatia. "Tak" moja kila baada ya muda ni kazi ya kawaida, iache.

Kugonga kwa "kong, kong" AC ikiwa imewashwa kunataka utulivu. Anza na bolti zinazoifunga kompresa kwenye injini. Barabara zetu zinalegeza bolti, na bolti iliyolegea hulia vibaya kuliko ugonjwa wenyewe. Kama zimekaza, inawezekana gesi imejazwa kupita kiasi na pampu inapokea kimiminika ambacho haiwezi kukibana, au pampu imechakaa ndani. Kugonga kwa pampu hakuponi kwa dua wala kwa gesi.

Na lile "fssss" unalolisikia baada ya kuzima gari ni presha mbili zinazosawazishana. Halina neno.

"Jaza gesi tu" na ndugu zake

Uongo uliosambaa kuliko wote ni kwamba gesi ya AC inaisha kama petroli, hivyo kila mwaka lazima ujaze. Mfumo umefungwa. Gesi haichomwi, inazunguka. Ni kweli kwamba mipira na oringi, zile pete za mpira kwenye maungio, hupitisha kidogo kidogo kwa miaka mingi, lakini gari linalohitaji gesi kila baada ya miezi michache linavuja. Kwa sisi wa pwani mtuhumiwa wa kwanza ni kondensa, maana inakaa mbele ikipokea upepo wa chumvi na kokoto za barabarani. Doa la oili lenye vumbi lililoganda mahali pamoja ni alama nzuri ya kuanzia.

Tena kujaza bila kutafuta tundu kunaiua kompresa polepole. Oili inayoilainisha pampu haikai kwenye kompresa peke yake, inasafiri na gesi. Gesi ikipungua, oili nayo hairudi inavyotakiwa, na pale penye tundu nyingine imetoka. Pampu inaanza kusaga chuma kwa chuma. Kwa maana hiyo gesi pungufu inaweza kuleta kelele kweli, ila kelele ikishafikia hapo, kuongeza gesi hakurudishi chuma kilicholika.

Uongo wa pili: gesi ikizidi, baridi inazidi. Gari dogo huhitaji kama nusu kilo tu. Kiasi halisi kimeandikwa kwa gramu kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya boneti, na hata kama maelezo ni ya Kijapani, tarakimu na herufi g unazisoma. Ikizidi, presha inapanda, baridi inapungua na kompresa inanguruma. Fundi wa kweli huunganisha geji mbili za kupima presha. Hewa ikiwa nyuzi 30 hivi, R-134a iliyo sawa husoma takriban psi (kipimo cha presha) 25 hadi 45 upande wa presha ndogo, unaoitwa wa chini, na 150 hadi 250 upande wa presha kubwa, unaoitwa wa juu. Zote mbili zikiwa chini, gesi haitoshi. Zote mbili zikiwa juu, imezidi, au kuna hewa ndani, au kondensa haipozwi. Ya chini ikiwa juu na ya juu ikiwa chini, pampu haisukumi, na hiyo ndiyo hukumu ya kompresa. Fundi anayejaza kwa kushika bomba na kusema "imepoa" anapiga ramli.

Muulize pia kama anavuta hewa kwa mashine kabla ya kujaza. Mfumo ukishafunguliwa, hewa ya Tanga inaingia na unyevu wake, na oili nyingi za AC hunyonya maji. Maji hayo humo ndani huzaa asidi. Nusu saa ya kuvuta hewa, kisha kuacha geji zitulie kuona kama zinapanda, ni kazi isiyo na mkato.

Gesi yenyewe nayo ina bandia. Mwaka 2011 makontena ya baridi yaliyotiwa gesi chafu yalilipuka huko Vietnam na Brazil, watu wakafa. Ndani yake kulikuwa na kemikali inayopigana na alumini, na kompresa ya gari lako ni alumini. Mtungi wa bei ya kutupa ujiulize mara mbili. Anayekushauri utie gesi ya kupikia kwa kuwa "inapoza zaidi", mwambie evaporeta iko ndani ya gari, hatua moja kutoka kwenye magoti ya abiria, na gesi hiyo inawaka.

Halafu kompresa ya mtumba. Wengi wetu ndiyo tunayoiweza na sina ugomvi nayo, ila itazame kabla hujalipa. Zungusha sahani ya mbele kwa mkono: iwe nzito kidogo, laini. Matundu yake yawe yamezibwa. Iliyokaa wazi dukani miezi kadhaa imeshakunywa unyevu. Mwaga tone la oili kwenye karatasi nyeupe. Ikiwa nyeusi, au inametameta vumbi la chuma, irudishe. Na kama ile uliyoitoa kwenye gari ilikufa kwa kusagika, chembe zake zimeshatapakaa mpaka kwenye kondensa na valvu. Ukifunga nyingine juu ya uchafu huo, nayo itakufa, pengine kabla hujarudi kutoka safari. Mfumo unasafishwa, filta ya gesi na valvu vinabadilishwa, na kondensa za kisasa zenye njia nyembamba mara nyingi hazisafishiki, hubadilishwa nazo. Kazi hiyo haifai kukimbizwa usiku wa kuamkia safari.

Uende au usiende

Kama kelele ni ya kipulizia cha nyuma ya dashibodi, nenda. Kama klachi inapiga "tak tak" kwa gesi pungufu na huna muda wa kutafuta tundu, nenda ila AC isiwake kabisa. Hapa kuna mtego: kwenye magari mengi ukielekeza upepo kwenye kioo cha mbele ili kuondoa ukungu, kompresa inajiwasha yenyewe hata kama kitufe hukukigusa. Anayepanda kutoka Mombo kwenda Soni na Lushoto kwenye ukungu atafanya hivyo bila kufikiri. Mwambie fundi achomoe waya wa klachi au fyuzi ya AC, akufungie vizuri ile ncha isiguse chuma.

Kama pampu inagonga lakini puli inazunguka laini, na gari lina klachi, waya huo huo ukichomolewa utafika. Kwa gari lisilo na klachi, usijaribu.

Kama beringi ya puli inakwaruza, usitoke. Haijalishi ni Moshi, zaidi ya kilomita 300, au ni Muheza tu. Badilisha beringi. Ikikosekana, muulize fundi kama injini yako inaruhusu mkanda mfupi unaoiruka kompresa. Kwa baadhi ya injini upo na unafanya kazi, kwa nyingine mkanda hauna pa kupita bila kugusa pampu ya maji kwa upande usiofaa. Jambo hilo linapimwa hapa mjini, huku maduka ya spea yakiwa wazi.

Na ikikukuta njiani? Harufu ya mpira unaoungua, mlio mkali usiokoma, au taa nyekundu ya betri ikiwaka ghafla ukiwa kwenye mwendo: toka barabarani, zima injini mara moja, weka alama zako nyuma. Usisubiri kijiji kinachofuata, maana kama mkanda umekatika pampu ya maji imesimama na kila kilomita unaitoza injini. Fungua boneti bila kugusa kifuniko cha rejeta. Kama mkanda upo na mzima, acha puli ya kompresa ipoe, kisha ujaribu kuiona inavyozunguka dereva akipiga stata kwa sekunde moja, mikono yako ikiwa mbali. Ikizunguka, chomoa waya wa klachi, endesha taratibu mpaka mji wa karibu ukitazama joto. Isipozunguka, mpigie mtu wa kukuvuta. Ukifika mjini tafuta fundi wa AC au fundi umeme wa magari badala ya fundi injini, na jambo la kwanza umwombe autoe mkanda na aizungushe puli mbele ya macho yako.